Nilifuta Sauti za Msimbati

Akina mama wenzangu, leo ninaungama. Kila tulipokwenda Msimbati kumwamkia mama mkwe wangu, kijana wangu wa miaka 14 aliniomba simu. Hakupiga picha. Alirekodi sauti: mawimbi, kunguru minazini, kaa wakitembea juu ya majani makavu kwenye mikoko. Mimi niliona ni utoto. Siku ya tamasha la kwaya simu ilijaa, nikazifuta zote nipate nafasi ya video.

Hakufoka. Aliuliza tu, "Mama, hata ile ya bibi akiita kuku?" Bibi tulikuwa tumemzika mwezi mmoja kabla.

Ndipo nilipoanza kuuliza kazi hiyo ni kazi gani. Kumbe ni sanaa kamili! Yuko kijana mzaliwa wa Nairobi, Joseph Kamaru, maarufu kama KMRU, mjukuu wa yule mwanamuziki Joseph Kamaru aliyefariki mwaka 2018. Hurekodi sauti za mahali anapopita, kisha kwenye kompyuta huzirefusha, huzipanga moja juu ya nyingine, hupunguza hapa na kuongeza pale. Albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020. Haina ngoma wala maneno, nami mara ya kwanza nilisinzia. Mara ya pili sikusinzia.

Je, sisi tuna nini cha kurekodi? Tunacho kingi. Katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, wapo kamba wadogo wenye gando moja kubwa. Wakilifunga kwa ghafla hutoa mlio, na wakiwa wengi ukazamisha sikio majini utadhani mtu anakaanga samaki. Samaki wachanga hufuata kelele za mwamba ili wapate mahali pa kuishi. Mwamba uliovunjwa kwa baruti hupoa, hauwaiti tena. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani ya Tanzania wakivuta maiki chini ya maji, wakanasa milipuko zaidi ya 300. Hiyo nayo ni sauti ya pwani yetu.

Kama mwanao ana mapenzi haya, usimkemee kama nilivyofanya. Aanze kwa kutaja tarehe na mahali. Afunike maiki kwa sponji au kitambaa chepesi, maana upepo wa kusi huharibu kila kitu. Aweke simu chini, asogee mbali. Nakala itunzwe mahali pengine, mbali na mama mwenye haraka! Na akisikiliza kwa visikilizio, sauti iwe ya chini. Hapo nasema kama muuguzi.

Tulirudi Msimbati mwezi Agosti. Kuku wa bibi sasa analisha wifi yangu. Kijana aliweka simu juu ya kinu, akamwomba shangazi yake awaite kama mama yake alivyokuwa akiwaita. Wifi aliona haya, akacheka sana, kisha akaita. Kicheko nacho kimo.