"Tohara" na "Ukeketaji" Si Neno Moja

Desemba ikaribiapo na shule kufungwa, katika wilaya za Tarime na Serengeti si ajabu kuona barua ya mtendaji ikiarifu kwamba "sherehe za tohara zinaendelea kwa amani". Januari ifikapo, mwalimu naye huandika katika daftari la mahudhurio kwamba mwanafunzi fulani ni "mtoro", au kwamba yumo katika "shughuli za mila". Maneno hayo yana adabu nyingi. Ubaya wake ni kwamba yanafunika kosa la jinai.

Tohara ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kiini chake ni usafi. Aidha, tangu Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza tohara ya wanaume mwaka 2007 kuwa kinga mojawapo dhidi ya Ukimwi, Serikali imeihimiza katika vituo vya afya, mkoa wa Mara ukiwamo. Basi taarifa isemayo "tohara" pasipo maelezo haimwambii Mkuu wa Wilaya kama ni wavulana waliopelekwa kwa mganga, au wasichana waliopelekwa kwa ngariba.

Kukeketa, kwa Kiswahili cha siku zote, ni kukata kwa taabu, kama mtu akatavyo kwa kisu butu. Wapo wasemao kwamba neno hilo ni kali mno. Ni kali kweli, na ukali huo umekusudiwa: mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani liliutaka Umoja wa Mataifa uache kuliita tendo hili tohara, utumie neno lenye maana ya kukata na kuharibu.

Iko hoja nyingine nzito zaidi. Kikurya huita yote esaro, ya wavulana na ya wasichana, na mzee wa mila aambiwaye tangu mwanzo wa mkutano kwamba anakeketa watoto huenda akainuka akaondoka. Barazani, basi, yafaa mtumishi aanze na neno la wenyeji ili asikilizwe. Lakini jalada si baraza. Jalada husomwa na polisi, na daktari, na hakimu asiyemjua mwandishi wala kijiji chake.

Hata "msichana" peke yake hakutoshi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamlinda mwenye umri chini ya miaka 18, na adhabu ya mzazi au mlezi anayehusika ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Umri usipoandikwa, mwendesha mashtaka hana pa kuanzia.

Masanga, wilayani Tarime, na Mugumu, wilayani Serengeti, viko vituo vinavyowapokea wasichana wanaokimbia kisu. Mtoto hufika huko akaeleza yaliyomkimbiza. Daftari la shule yake likisema siku zile zile kwamba alikuwa "mtoro", mzazi aliyekwisha mlipa ngariba amepata utetezi wake, kwa mwandiko wa mwalimu.