Hofu si woga

Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, lakini uzito wake niliuonja mwaka 2015, nikiwa mbele ya darasa langu mjini Embu.

Zilikuwa zimepita wiki chache tangu tarehe 2 Aprili, siku ambayo magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Gurudumu la lori likapasuka barabarani. Kufumba na kufumbua, nusu ya darasa ilikuwa chini ya madawati. Nikawaambia, "Acheni woga, tuendelee na somo." Baada ya kipindi, msichana mmoja kutoka Tigania alinifuata, akasema kwa adabu, "Mwalimu, mimi si mwoga. Rafiki yangu wa sekondari alikuwa Garissa." Nilikosa la kujibu.

Mwanaisimu hakustahili kukosea hapo. Hofu ni hisia impatayo kila mwenye akili timamu anapokabiliwa na hatari. Woga ni tabia ya kushindwa kutenda lipasalo kwa sababu ya hofu hiyo. Tukiyachanganya maneno haya mawili, tunamwaibisha mwenye hofu, naye hunyamaza. Na hofu iliyonyamazishwa haifi. Hukaa ikingoja mshindo.

Ushahidi tunao. Tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi tu baada ya Garissa, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko alfajiri katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakajirusha kutoka ghorofani. Mmoja alifariki, na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Novemba mwaka huo huo, zoezi la usalama katika Chuo Kikuu cha Strathmore lilizua taharuki, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Katika visa vyote viwili hapakuwa na gaidi hata mmoja. Hofu ilitosha.

Wapo wasemao kwamba kuizungumzia hofu ni kuichochea. Nakubali kwamba uvumi huchochea. Lakini mazungumzo ya kweli huigeuza hofu kuwa tahadhari: mwanafunzi hujua mlango wa dharura uko wapi, nani wa kuaminiwa kwa habari, na kwamba anaruhusiwa kulia. Dawa hii si ngeni kwetu. Huku Meru na Embu, mtu akifiwa majirani hukusanyika kwake jioni baada ya jioni hadi siku ya mazishi, wakiketi na kusema naye. Mbona shuleni tunamwambia ajikaze?

Isitoshe, hofu isiyotamkwa hutafuta wa kulaumiwa. Mwanafunzi Msomali huingia darasani, akakuta viti vya jirani yake vimeachwa wazi. Wanaofanya hivyo na wamkumbuke Mwalimu Salah Farah. Tarehe 21 Desemba 2015, wavamizi walisimamisha basi karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Yeye na Waislamu wenzake walikataa. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Sidhani kwamba mwalimu huyo hakuwa na hofu. Alikuwa nayo, lakini hakuiruhusu imchagulie jirani.

Walimu wenzangu, wengi wetu tumeachiwa somo la ushauri nasaha kama pambo la ratiba. Tulipe uhai. Hatari ikitangazwa, tutenge hata nusu saa kabla ya kufungua vitabu, tuwaulize vijana wamesikia nini, wanaogopa nini, na tuwaeleze tunachokijua. Nanyi wanafunzi, msione haya kusema.

Yule msichana alihitimu, naye sasa ni mwalimu. Nilimwomba radhi siku ya mahafali. Ningemwomba siku ile ile darasani, wenzake nao wangesikia.