Sahani ya mtoto na wajibu wa kijana Mkristo



Injili ya Marko inatusimulia habari za Yairo, mkuu wa sinagogi, aliyefiwa na binti yake wa miaka kumi na miwili. Sisi sote tunakumbuka jinsi Bwana alivyomshika mkono yule msichana akamwinua. Ni wachache wanaokumbuka linalofuata: watu wakiwa bado wamepigwa na bumbuazi, Yesu aliagiza mtoto apewe chakula. Muujiza ulikuwa umekwisha tendeka, na hapo ndipo kazi ya jikoni ilipoanza. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kifungu hicho, na karibu yote yalikomea kwenye muujiza.

Uchunguzi wa taifa juu ya afya uliofanyika mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba katika nchi yetu watoto 43 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao. Mtoto aliyedumaa haonekani mgonjwa. Anacheza, anacheka, anaimba pamoja na wenzake wa Kizito-Anuarite siku ya Jumapili. Na kwa kuwa wengi wa wenzake nao ni wafupi, hakuna anayeshtuka. Surua ikiingia kijijini, tunakimbilia kituo cha afya. Jambo hili linakaa nasi miaka nenda miaka rudi, na tumelizoea kama tunavyozoea mvua.

Kule Lwiro, Kivu ya Kusini, iko hospitali iliyotibu watoto wenye utapiamlo kwa miaka mingi. Watafiti wa Bukavu pamoja na wenzao wa Ubelgiji walifanya jambo ambalo ni nadra katika nchi maskini: waliwatafuta watu waliolazwa hapo utotoni kwa utapiamlo mkali kati ya mwaka 1988 na 2007. Waliwapata 524, ambao wakati huo walikuwa watu wazima wenye umri wa wastani wa miaka 22, wakawalinganisha na wengine 407 wa sehemu zilezile ambao hawakupatwa na ugonjwa huo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Wale waliougua walikuwa wamefika madarasa ya chini zaidi shuleni, na walijithamini kidogo kuliko wenzao. Zingatieni kwamba hao ndio waliopona. Uji na maziwa ya hospitali viliwarudishia uhai, lakini njaa ilikuwa imekwisha chukua sehemu yake.

Tangu niliposoma habari hizo, siwezi tena kumsikia mwalimu akimwita mtoto kichwa kigumu bila kujiuliza mtoto huyo alikula nini kabla hajatimiza miaka miwili.

Sasa tujitazame sisi wa Bafwasende. Hatuishi jangwani. Msitu unatupa mbinzo, uyoga, fumbwa, asali na nyama. Lindi inatupa samaki. Mashamba yanatupa ndizi, mchele, karanga na mihogo. Mawese hayajawahi kuwa kitu cha kigeni kwetu. Hata hivyo, ingieni katika nyumba nyingi saa ya jioni, na mbele ya mtoto mtaona fufu la mihogo na sombe kidogo. Chakula kizuri kimepanda pikipiki na kushika barabara ya Kisangani. Mama anauza mbinzo kwa sababu anahitaji ada ya shule, sabuni na dawa, nami simlaumu hata kidogo. Ninaowalaumu ni sisi vijana wenye nguvu, tunaokwenda kuchimba dhahabu na almasi na kumwacha mama peke yake shambani, kisha tunarudi na simu mpya huku mdogo wetu akiwa na nywele nyekundu na miguu iliyovimba.

Juu ya mbinzo hizo uko utafiti unaotuhusu sana. Katika jimbo la Équateur, katika msitu unaofanana na wetu, watafiti wa Kinshasa na wa Marekani walitengeneza unga wa uji kwa mbinzo zilizokaushwa na kusagwa, mahindi, mawese, sukari na chumvi. Watoto wa vijiji kadhaa walipewa uji huo tangu miezi sita hadi miezi kumi na minane, na wa vijiji vingine wakaendelea na chakula chao cha kawaida. Mwisho wake, watoto wa uji wa mbinzo walikuwa na damu zaidi, na wenye upungufu wa damu kati yao walikuwa wachache. Chakula ambacho baadhi yetu tumeanza kukionea haya mbele ya wageni kiliongeza damu ya watoto. Hata hivyo kudumaa hakukupungua, na yatupasa kulisema hilo kwa unyofu, maana ukweli hauchagui tunachokipenda.

Kwa nini kimo hakikuongezeka? Mtoto huanza kudumaa tumboni mwa mama asiyekula vema, tena anayebeba kuni na maji hadi siku ya kujifungua. Akisha kuzaliwa, kuhara na minyoo humnyang'anya hata kile kidogo anachokula. Kule Kenya, katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga, utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba maji yaliyotiwa dawa, vyoo na kunawa mikono, bila chakula, havikuongeza kimo cha watoto. Lishe iliongeza, lakini kidogo tu. Wako wanaosoma matokeo kama hayo na kukata tamaa. Mimi nasoma ndani yake kwamba anayetuletea dawa moja ya kumaliza utapiamlo, iwe kopo, kidonge au paketi, anatudanganya, hata kama amekuja na gari zuri na fulana za bure.

Mihogo nayo ina mafundisho yake. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango ambao Wayaka huuita konzo, yaani miguu iliyofungwa: mtu analala mzima, anaamka hawezi kutembea, na miguu hairudi tena kama zamani. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba chanzo ni mihogo michungu isiyoloweshwa ya kutosha, ikiliwa siku zote na mtu asiyepata nyama, samaki wala maharage. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake. Katika kisiwa cha Idjwi vilevile, wataalamu waliona kwamba rovu, ule uvimbe wa shingo, lilizidi upande mmoja ingawa madini ya joto yalikuwa haba kisiwani kote. Uchunguzi ukawafikisha kwenye mihogo. Bibi zetu hawakusoma vitabu hivyo, lakini walilowesha mihogo siku tatu au nne na kutazama povu. Leo mtu anaharakisha kwa sababu mnunuzi anangoja barabarani, au kwa sababu amekimbia vita na hana mahali pa kulowesha. Hapo bibi na mtaalamu wanasema jambo moja, na ni sisi wa katikati tusiowasikiliza wote wawili.

Liko jambo gumu zaidi kusema. Katika nyumba nyingi mwiko unamkataza mjamzito nyama fulani, unamkataza mtoto yai, na paja la kuku linakwenda kwa baba. Kwa heshima yote kwa wazee wetu, tunaowapenda na tunaohitaji baraka yao, naona desturi hiyo haiwezi kukaa pamoja na meza tunayoizunguka Jumapili. Tusiwapigie kelele. Kijana aliyeoa aanze nyumbani kwake: achukue kipande chake cha samaki, akiweke mbele ya mkewe mwenye mimba, na wazee waone. Katika mambo haya mfano wa mwanamume mmoja unasikika kuliko semina tatu.

Na watafiti watakapokuja kwetu na mizani zao na kuwapima watoto wetu mkono kwa utepe, tuwapokee vizuri, kwa kuwa bila wao tusingejua mengi niliyoyaandika hapa. Lakini tuwaulize kwa adabu: matokeo mtatuletea lini, na kwa lugha gani? Mtoto aliyepimwa si namba tu. Ni mbatizwa mwenye jina, na mama yake ana haki ya kujua mizani ilisema nini. Vijana wanaojua kusoma Kifaransa na kukifasiri kwa Kiswahili wangeweza kufanya kazi hiyo katika kila jumuiya ndogondogo. Mimi naiona kuwa utume wa walei, sawa na kuimba kwaya au kupamba altare.

Kikundi cha vijana kinachotaka kuanza hakihitaji fedha za mfadhili. Msimu wa mbinzo ukifika, tuombe kila nyumba yenye mtoto aliyetimiza miezi sita ibakize sehemu ya mavuno kabla mnunuzi hajaweka bei. Zikaushwe vizuri, zitwangwe, zichekechwe, na unga uwekwe ndani ya chupa kavu yenye kifuniko. Vijiko vichache katika uji wa asubuhi, pamoja na mawese kidogo. Wavulana watwange pia.