Wenyeji wa Kasba Wako Wapi?

Mtu aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, akiiona senema ya Kifaransa iitwayo Pépé le Moko, atadhani yuko kwao. Vichochoro vile anavijua: nyumba zilizobanana, ngazi za mawe, kivuli adhuhuri, na wanawake waliojitanda wakipita upesi kando ya ukuta.

Senema hiyo ilitengenezwa mwaka 1937 na Julien Duvivier, na hadi leo yahesabiwa miongoni mwa senema bora za majambazi. Jean Gabin ndiye Pépé, mwizi wa Kifaransa aliyejificha Kasba, mtaa wa kale wa Algiers, ambako polisi hawawezi kumkamata. Kwamba ni kazi ya ustadi hatubishi. Swali letu ni jingine: wenye mtaa wako wapi?

Mapema katika hadithi, afisa mmoja wa polisi anaueleza mtaa huo. Asema wanaishi humo watu 40,000 penye nafasi ya watu 10,000. Kisha anawataja: Wakabaili, Wachina, Wamalta, Wasisili, Wahispania, Waslavi, watu weusi na wengineo. Mwarabu hamtaji! Mji ulikuwa mikononi mwa Wafaransa tangu mwaka 1830, na katika orodha hiyo hata mgeni wa jana ana jina, ila Mwarabu.

Wanaume wenye majina ya Kiislamu ambao mtazamaji atawakumbuka ni wawili tu. Mmoja ni L'Arbi, mpasha habari wa polisi. Wa pili ni Inspekta Slimane, mwenye tarbushi, mpole wa maneno, anayeingia na kutoka Kasba apendavyo na kumngojea Pépé kwa subira. Kwa maoni yetu huyu ndiye mwenye akili kuliko wote katika hadithi. Lakini amechorwa kama nyoka nyasini: tabasamu lake ni mtego, na kila upande wamdharau, wezi na wakubwa wake pia. Kwa hiyo Mwislamu wa senema hii ama anauza siri, ama anawinda kwa hila. Muuza duka, mwalimu wa chuoni, baba anayerudi nyumbani na kitoweo, hao ni pambo la barabarani.

Wala waigizaji hawakutoka huko. Slimane aliigizwa na Lucas Gridoux, mzaliwa wa Rumania. Wamarekani walipoirudia hadithi mwaka 1938, walimpa sehemu hiyo Joseph Calleia wa Malta. Walipoirudia tena mwaka 1948, wakampa Peter Lorre, mzaliwa wa Hungaria. Mara tatu Slimane, na mara zote tatu tarbushi ya kuazima. Hata vichochoro vyenyewe, sehemu kubwa vilijengwa studio huko Ufaransa.

Wako watakaosema tusiipime senema ya zamani kwa mizani ya leo, na kwamba hii ni hadithi ya mwizi na mapenzi tu. Haya. Lakini mizani hii si ya leo. Algeria ilipata uhuru mwaka 1962, na kufikia mwaka 1966 Mwitaliano Gillo Pontecorvo alikuwa ametoa Vita vya Algiers, iliyopigwa humo humo Kasba, na karibu waigizaji wote wakiwa watu wa kawaida. Yacef Saadi, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji mtaani humo, aliigiza kiongozi mfano wake mwenyewe. Ufaransa ilikaa miaka kadhaa bila kuiruhusu.

Anayeweza kuzipata zote mbili azitazame usiku mmoja, ya Gabin kwanza. Mwishoni Pépé anasimama bandarini, pingu mikononi, akiitazama meli ikiondoka na mpenzi wake, na Slimane ndiye aliyemruhusu kuitazama. Watu wengi humlilia Pépé hapo. Sisi tulikuwa tukimtazama Slimane, tukijiuliza usiku ule alirudi nyumba gani, na nani alimfungulia mlango.