Taji Tulilivua, Karamu Tukaibakiza

Neno la Tume ya Haki na Amani kwa waamini, wajumbe wa halmashauri walei na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo



Mapema mwaka 2024 sukari iliadimika nchini. Mvua za El Nino zilizuia uvunaji wa miwa, viwanda vikapunguza uzalishaji, na bei ya kilo moja ikapita shilingi 4,000 mahali pengi. Sisi wa Kidatu tunaishi katikati ya miwa. Vijana wetu huikata, malori hutupita nayo mlangoni, na harufu ya kiwanda huingia hadi kanisani. Hata hivyo, katika miezi ile, akina mama wa jumuiya zetu walinunua sukari ya kupima kwa kijiko, na watoto wakanywa uji wa chumvi. Mwezi wa Aprili mafuriko yakaja bondeni. Familia zilizozoea kuuza mpunga zikajikuta zinaingia dukani kununua mchele.

Katika hali kama hiyo, mama mmoja anayeuza vitumbua alifika kwa wajumbe wa Tume yetu na swali. Alikuwa ametembelewa na watu wawili wenye daftari. Walimwambia kwamba kila mfanyabiashara, mkubwa kwa mdogo, ana kiwango chake cha mchango kwa ajili ya kuupokea Mwenge. Kiwango chake kilikuwa shilingi 5,000. Alitoa, kwa kuwa aliogopa kuondolewa mahali pake pa biashara. Hakupewa stakabadhi. Swali lake lilikuwa hili: "Je, nilichotoa ni kodi, ni sadaka, au ni woga?"

Makala hii ni jibu letu kwake. Hatuandiki ili kuubeza uhuru wala kuitukana Serikali. Tunaandika kwa sababu swali la mnyonge lisipojibiwa na Kanisa, Kanisa litakuwa limekubaliana na daftari.

Wafalme wa mbali

Tunaposikia habari za anasa za watawala, aghalabu tunafikiria wafalme wa nchi nyingine. Tarehe 4 Desemba 1977 Jean-Bedel Bokassa alijivika taji la kaizari mjini Bangui, akaketi juu ya kiti kikubwa chenye umbo la tai. Karamu hiyo ilikadiriwa kugharimu dola za Marekani milioni 20, katika nchi iliyokuwa miongoni mwa maskini kabisa duniani. Septemba 1979 alikwisha kupinduliwa.

Mwaka 2008 huko Eswatini, ambayo wakati ule iliitwa Swaziland, ziliandaliwa sherehe za pamoja za miaka 40 ya uhuru na miaka 40 ya kuzaliwa kwa Mfalme Mswati wa Tatu. Nchi hiyo ilikuwa inaongoza duniani kwa kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Wanawake, wengine wakiishi na virusi hivyo, waliandamana mjini Mbabane kupinga safari ya wake wa mfalme kwenda kununua vitu ng'ambo. Walisema fedha hizo zingenunua dawa.

Hata Uingereza tajiri haikuepuka swali hilo. Mfalme Charles alitawazwa tarehe 6 Mei 2023, wakati bei za vyakula nchini humo zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 15 katika mwaka mmoja. Baadaye serikali ilitangaza kwamba sherehe hizo zilitumia pauni milioni 72 za umma. Wako waliosema fedha hizo zilikuwa halali, na wako waliosema zilikuwa aibu. Lakini tuzingatie jambo moja: hesabu ilitolewa hadharani, na kila raia aliweza kuisoma na kuibishia.

Sisi tulioacha ufalme

Wengi wamesahau kwamba Tanganyika nayo ilipata kuwa chini ya taji. Tulipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa nchi kwa mwaka mmoja. Tulikuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Kwa hiyo siku ile tunayoiadhimisha ina maana mbili: siku tuliyopata uhuru, na siku tuliyolivua taji. Jamhuri maana yake ni kwamba hakuna mtu anayezaliwa ili apigiwe magoti, na hakuna fedha ya umma iliyo mali ya mtawala.

Mwenge nao ulizaliwa katika roho hiyo. Mwalimu Nyerere alipousemea mwaka 1959 alitaka mwanga wake ulete tumaini pasipo na tumaini, upendo penye chuki, na heshima pale palipojaa dharau. Usiku wa kuamkia uhuru uliwashwa juu ya Kilimanjaro. Hakuna Mtanzania mwenye akili timamu anayechukia maneno hayo.

Tunachouliza ni hiki: mwanga ule umefikaje kumtia hofu mama wa vitumbua? Leo Mwenge hukimbizwa kwa zaidi ya miezi sita kila mwaka na kufika katika kila halmashauri. Mwaka 2025 ulianzia Kibaha mwezi Aprili, ukahitimishwa Mbeya tarehe 14 Oktoba. Kabla haujafika, mawe ya kando ya barabara hupakwa chokaa. Walimu huacha vipindi ili kufundisha halaiki. Misafara ya magari hujaa mafuta. Tumewahi kuona bomba la maji lililokwisha kukamilika likikaa limefungwa, wanawake wakiendelea kuchota mtoni, kwa kuwa mgeni wa kulizindua hajafika. Maji yanayomngoja mkubwa ndipo yatiririke kwa mdogo, hayo ni maji ya kifalme.

Serikali yenyewe imekiri

Mtu asituambie kwamba kuhoji gharama za sherehe ni uasi. Serikali yetu imezihoji mara kadhaa. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliahirisha sherehe za 9 Desemba, siku ikawa ya usafi, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Mwaka 2018 fedha za sherehe zilielekezwa kujenga hospitali Dodoma. Mwaka 2020 zilinunua vifaa tiba. Mwaka 2022 Rais Samia aliagiza shilingi milioni 960 zijenge mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shule za msingi nane. Na mwaka 2025, baada ya damu iliyomwagika katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba, ilitangazwa kwamba fedha za sherehe zitumike kukarabati miundombinu iliyoharibiwa.

Tunashukuru kwa kila kitanda cha mtoto kilichopatikana hivyo. Lakini hatuna budi kusema ukweli wote. Kwanza, kama karamu inaweza kugeuka bweni kwa tamko la siku moja, basi bweni lilikuwa linawezekana siku zote. Pili, uamuzi ulitegemea neno la mtu mmoja. Mwaka mmoja mkuu anaghairi, mwaka unaofuata paredi inarudi, na wananchi wanapiga makofi mara zote mbili. Huo ni ukarimu wa mfalme. Sisi tunadai haki ya raia, yaani kujua ni kiasi gani kimetengwa, kuulizwa kabla hakijatumika, na kupewa hesabu baada ya kutumika.

Majibu kwa wanaotetea

Wako wanaosema: fedha hizi ni kidogo mno zikilinganishwa na bajeti. Hoja hii ina ukweli, nasi hatutauficha. Bajeti ya mwaka 2022/23 ilikuwa takriban shilingi trilioni 41.5. Milioni 960 ndani yake ni kama punje katika gunia. Kuzifuta sherehe hakutashusha bei ya unga wala ya petroli, na anayewaahidi hivyo anawadanganya. Lakini zigawe milioni hizo kwa shule nane, utapata wastani wa milioni 120 kwa kila shule. Kilicho kidogo mbele ya Hazina ni bweni zima mbele ya mtoto asiyeona. Aidha, hesabu inayotangazwa ni ya sherehe za kitaifa tu. Mafuta ya magari ya wilaya, posho, vitambaa, ng'ombe waliochinjwa na shilingi 5,000 ya mama yetu havimo.

Wengine husema: sherehe hujenga umoja, na Mwenge hukagua miradi na kufichua ubadhirifu. Ni kweli kwamba taifa linahitaji kumbukumbu, kama vile Kanisa linavyohitaji sikukuu. Lakini kumbukumbu haihitaji kulazimisha maskini. Na miradi ina wakaguzi wake kwa mujibu wa sheria: madiwani, wakaguzi wa ndani, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa yake hufika Bungeni kila mwaka. Kama hao hawatoshi, tuwaimarishe. Moto hauwezi kusoma vitabu vya hesabu.

Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa

Tusome tena sura ya nane ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Waisraeli walidai mfalme ili wafanane na mataifa mengine. Samweli akawaonya kwamba mfalme atawachukua wana wao wakimbie mbele ya magari yake, na binti zao wampikie, na sehemu ya kumi ya mavuno yao awape watumishi wake. Nabii Amosi aliwalaumu wakuu waliokula wanakondoo wanono na kujipaka mafuta mazuri bila kusikitikia maangamizi ya taifa lao. Na Injili ya Marko, sura ya sita, inatusimulia karamu ya kuzaliwa kwa Herode: wakubwa wamealikwa, muziki unapigwa, na mwisho wa usiku kichwa cha Yohane kinaletwa juu ya sinia. Mtawala aliona haya mbele ya wageni wake kuliko mbele ya Mungu.

Mwaka 1967 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika waraka wake juu ya maendeleo ya watu, alifundisha kwamba pale ambapo wengi wana njaa, kila matumizi ya kujionyesha, yawe ya mtu binafsi au ya taifa, ni kashfa isiyovumilika. Mwaka huo huo Azimio la Arusha lilituambia kwamba kiongozi asiishi kwa kuwapa mgongo wakulima na wafanyakazi. Roma na Arusha zilikubaliana katika jambo hili. Ni sisi tuliosahau.

Boriti katika jicho letu

Hata hivyo, tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapo. Ni mara ngapi bahasha za jubilei zimefika katika jumuiya zikiwa na kiwango kilichokwisha kupangwa? Ni mara ngapi mjane ameona haya kuja jumuiya kwa sababu jina lake limesomwa kati ya wasiotoa? Tunapompokea Askofu kwa maturubai, keki na vitambaa vipya, huku mgonjwa wa kigango hana nauli ya kufika hospitali Ifakara, tunamheshimu nani? Na harusi zetu, ambazo familia hukopa ili kuzifanya na kuzilipa kwa miaka miwili, je, hizo nazo si falme ndogo? Daftari la mwenye kitambi wa serikali na bahasha ya parokia vikiwa na sura moja, hatutakuwa na mdomo wa kusema.

Tufanye nini?

Tujue sheria. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kwamba kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria. Mchango wa hiari ni wa hiari. Ukigeuzwa kuwa wa lazima, aombwe anayeudai aonyeshe sheria, hata kama ni sheria ndogo ya kijiji, na atoe stakabadhi. Kodi ya maendeleo, iliyowafanya baba zetu wakimbilie porini wakiwaona mgambo, ilifutwa mwaka 2003. Isirudi kwa jina la mchango.

Tuhudhurie mikutano. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji kuwa wenye mamlaka ya juu kijijini. Unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Wengi wetu hatuendi, halafu tunanung'unika kwenye kilabu. Aendaye aulize kwa upole na kwa sauti: kiasi gani kilikusanywa kwa ajili ya sherehe, na kimetumikaje? Asiende peke yake. Jumuiya nzima iende.

Na tuanze nyumbani. Tunapendekeza kila parokia isome hadharani hesabu ya kila sherehe yake, ifute viwango vya lazima, na itenge sehemu ya kila karamu kwa ajili ya wagonjwa na wanafunzi maskini.

Mama yetu wa vitumbua, jibu letu ni hili. Ulichotoa hakikuwa kodi, maana hapakuwa na sheria. Hakikuwa sadaka, maana hapakuwa na hiari. Kilikuwa woga, na aibu yake si yako. Ni ya wote tuliokuona ukitoa tukanyamaza.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika mwaka uliopita tulichangia sherehe zipi, za serikali na za Kanisa? Nani alipanga kiwango, na nani alisoma hesabu?
2. Je, katika jumuiya yetu yupo aliyeacha kuhudhuria kwa sababu ya michango? Nani atamwendea wiki hii?
3. Mkutano mkuu ujao wa kijiji chetu ni lini, na nani kati yetu atauliza swali?