Fahali Wawili Zizini Kisangani

Nasikia watu wakisema eti adui akiwa mmoja, urafiki hauvunjiki. Mimi nakataa katakata!

Mwaka 1998 Uganda na Rwanda ziliingia Kongo upande mmoja kumpiga Laurent Kabila. Zilipofika Kisangani, mji wa biashara ya almasi, zikaanza kugombania nani awaongoze waasi na nani ashike biashara. Basi Agosti 1999 zikapigana zenyewe kwa zenyewe, zikarudia Mei 2000, na tena Juni kwa siku sita mfululizo. Raia wakafa kwa mamia, naye Kabila yuko Kinshasa anatazama tu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na humo milioni 60 ni za mali ya asili iliyoporwa.

Hapa Kaloleni nawajua vijana wawili waliokuwa wakiuza machungwa pamoja steji ya Voi. Mmoja alificha pesa, mwenziwe akagundua. Leo hata salamu hawapeani, na wateja wamehamia kwingine.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kabla ya kushikana mikono, tuonyeshane hesabu. Kikulacho ki nguoni mwako.