Methali Haikusema Tusiongee na Watoto

Juzi jioni, kwenye duka moja hapa Chemchem, mjini Tabora, mtoto wa kiume wa miaka kama tisa alisimama mbele ya kaunta na noti aliyoikunja mpaka ikawa kama kijiti. Watu wazima watatu walimpita, wakahudumiwa, wakaondoka. Alipoulizwa anataka nini, alitazama ndala zake. Mwenye duka akasema, "Huyu ana adabu, baba yake hataki mchezo." Wazee wa kahawa pale pembeni wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikabishana nao mpaka kikombe kikapoa. Mengine hapa niliyakumbuka njiani nikirudi nyumbani, maana majibu mazuri huja ugomvi ukishakwisha.

"Kukaa na mtoto mkapiga soga ni uzungu," alisema mmoja wao. Hili ndilo lililoniwasha. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akaingia vijiji vya Waganda. Alikuwa akiketi sebuleni mchana, saa ambazo akina mama hupokea wageni, akizitazama familia 26 zenye watoto wachanga. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake humwelewa upesi na kumwitikia ndiye anayethubutu kutambaa mbali na kuchungulia vitu, kisha anarudi mara moja kuhakikisha mama bado yupo. Na wale akina mama waliokuwa na mengi ya kusimulia juu ya watoto wao, tabia zao na vituko vyao, mara nyingi ndio waliokuwa na watoto waliotulia. Kitabu chake kilitoka 1967, na sehemu kubwa ya yanayofundishwa leo duniani kuhusu ukaribu wa mzazi na mtoto ilianzia kwenye sebule zile. Kama ni uzungu, basi Wazungu waliukuta Buganda.

Tena tusiende mbali. Hapa kwetu mjukuu na babu ni watani. Bibi humwita mjukuu wake "mume wangu" mbele za watu, naye mtoto hujifunza kurudisha neno bila kuvuka mpaka. Jirani zetu Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo vijana waliketi na wazee, wakasikiliza na kuuliza. Tunayaacha haya wenyewe, na sasa tukiyaona kwa jirani tunasema yameletwa na meli.

"Wapagazi walilelewa kwa mkong'oto na Bagamoyo wakafika." Kufika walifika. Lakini misafara ya Wanyamwezi ilikwenda na wake na watoto pia, na njia ile ya miezi kadhaa haikupitika kwa mabega peke yake. Ilibidi kuomba maji kwa watu usiowajua na kupatana bei ya chakula katika lugha ya kuungaunga. Utani wetu na Wazaramo, ule ambao mpaka leo huvuruga msiba kwa kicheko, ulizaliwa katika safari hizo. Mji huu ulijengwa na watu waliojua kuongea na wageni. Sasa tunamsifu mtoto asiyeweza kuagiza sukari.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye." Sawa kabisa. Methali inamkemea mzazi anayeogopa kusema hapana. Haikusema popote kwamba ukisema hapana usieleze kwa nini, wala kwamba mtoto akiuliza ni ufedhuli. Shikamoo na maswali hukaa kinywa kimoja.

"Mtoto mkimya hasumbui." Hapa utani sina. Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walipata angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto aliyezoeshwa kunyamaza mbele ya mkubwa atamnyamazia pia yule asiyestahili kunyamaziwa. Mtu wa kumwambia atampata wapi, ikiwa nyumbani kila sentensi yake hukatizwa na "toka hapa"?

Mzee mmoja alinibana vizuri, na namkubalia nusu. Alisema kuna makabila ambayo mama hazungumzi sana na mtoto wala kumsifu, na watoto wanakua wazima. Ni kweli: Robert LeVine aliwaona Wagusii wa Kenya hivyo, sifa zikiogopwa kwamba zitaleta kiburi. Ila watoto wale walikuwa na kundi la kaka, dada na binamu la kuchekea na kugombania. Chumba kimoja cha kupanga, mlango umefungwa na baba yuko kazini, hakina kundi hilo. Hapo kazi ya kumsikiliza inabaki kwa mzazi.

Nimesahau kusema yule mtoto alivyopata sukari. Yule yule mzee wa "uzungu", aliyekuwa mkali kuliko wote, aligeuka akamwita: "Wewe mume mwenzangu! Mke wetu amekutuma nini?" Mtoto akacheka, akainua uso. "Sukari nusu, babu. Na kiberiti."